Tiba za Jadi za Ireland na Masharti Yake

Mabibi na mabwana,

Kati ya mwaka 1937 na 1939, Tume ya Mapokeo Simulizi ya Ireland iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 wakawaulize wazee wao habari za kale, na katika madaftari waliyoyajaza tiba za maradhi ya kila siku zimo tele. Baadhi hazihitaji maelezo marefu: mwani uliochemshwa katika maziwa ulitibu kikohozi, na utando wa buibui ulibandikwa kwenye jeraha ili damu ikate.

Ninazotaka kuzizungumzia leo ni zile ambazo uzito wake haumo katika dawa, bali katika mtu na masharti. Mtoto mwenye kifaduro alipitishwa mara tatu chini ya tumbo la punda, mnyama aliyeheshimiwa kwa kuwa manyoya ya mgongoni mwake yana alama ya msalaba. Au mzazi alimsimamisha njiani mtu aliyepanda farasi mweupe, hata kama hamjui, akamwomba amtajie dawa, na lolote alilolitamka ndilo lililofuatwa. (Namhurumia mpanda farasi huyo, aliyekuwa akienda zake sokoni.) Mwenye chunjua alizisugua kwa konokono, kisha akamchoma konokono huyo kwenye mwiba, na kadiri alivyonyauka ndivyo chunjua zilivyotarajiwa kukauka.

Huko husemwa kwamba fulani "ana tiba", kama ambavyo mwingine ana shamba: huirithi, huitunzia siri, na kwa desturi hadai malipo, wala mgonjwa hapaswi kumshukuru.

Huko Boho, katika Kaunti ya Fermanagh, tiba imebaki kaburini. Inasimuliwa kwamba Padri James McGirr, aliyefariki mwaka 1815, aliahidi kuwa udongo utakaomfunika utaponya yote aliyoyaponya akiwa hai. Mgonjwa huchota kijiko kimoja, huufunga udongo katika kitambaa, huulalia ukiwa chini ya mto wa kichwani, na siku ya nne huurudisha kaburini. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Swansea, walitangaza kwamba katika udongo wa Boho wamepata bakteria wa jenasi (yaani kundi la jamii za karibu) ya Streptomyces, ileile iliyotupatia antibiotiki ya streptomisini, na kwamba bakteria huyo anazuia vijidudu kadhaa vilivyo sugu kwa antibiotiki. Hata hivyo, kilichopimwa ni bakteria aliyeoteshwa maabara, si udongo uliofungwa kitambaani. Na sharti la siku ya nne, ambalo kwa wanaouchota ni sehemu ya tiba yenyewe, halikuwamo katika jaribio hilo.