Ukili Uliofumuliwa Usiku

MWANAISHA: Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Karibuni tena barazani kwetu. Ni mimi na wifi yangu Saumu, na leo naomba nianze mimi kabla hajanitangulia.

SAUMU: Waaleikum salaam. Unalotaka kulisema nalijua. Sema tu.

MWANAISHA: Tumewaahidi mambo matatu. Ratiba ya kusomesha watoto nyumbani Ramadhani ikiingia, vifaa vya kazi za mikono vinavyopatikana bila gharama kubwa, na namna ya kuweka kumbukumbu za kazi za watoto. Yote tutayafikia inshallah. Lakini wiki hii nyumbani kwangu kumetokea jambo, na halijanitoka moyoni.

SAUMU: Kumetokea jambo au mama yangu amekusaidia?

MWANAISHA: Ngoja basi. Mnaotusikiliza mnajua Shaaban kwetu ilivyo. Mezani hapaliki chakula, pamejaa uzi, gundi na mikasi. Mkubwa anashona kofia ya Idi: anatoboa tobo kwa msumari mdogo, analizungushia uzi mpaka linakaza, ndipo anahamia la pili. Wadogo wana kadi zao. Na binti wa kati aliamua mwenyewe, hakuna aliyemtuma, kwamba Ramadhani hii babake ataswali juu ya msala aliousuka yeye.

SAUMU: Akaja kwa bibi yake kufundishwa. Hilo nalo liseme.

MWANAISHA: Nalisema kwa shukrani. Mama amekaa naye kila alasiri baada ya chuo cha Kurani. Mtoto ameshika vizuri, ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, umeanza kurefuka, analala nao kando ya mto. Sasa juzi mama alilala kwetu. Asubuhi mtoto anaamka, anaushika ukili wake, anaupitisha vidoleni, kisha ananiuliza, "Mama, hapa kasuka nani?" Kipande kizima kilichokuwa kimelegea kimefumuliwa usiku, kimesukwa upya, kimenyooka kama rula. Hakulia. Aliuweka chini, akaenda kuchora kadi na wadogo zake. Mpaka leo hajaugusa.

SAUMU: Ataugusa. Mtoto wa miaka tisa huyo.

MWANAISHA: Wewe hukuuona uso wake.

SAUMU: Uso sikuuona. Ukili niliuona, wifi, na mimi ni mtoto wa mama yangu, najua kilichomkosesha usingizi. Niruhusu niwaeleze wasiojua kusuka, maana wengine wanadhani mtu amekwenda kurembesha tu.

MWANAISHA: Waeleze, lakini tuna dakika zetu.

SAUMU: Dakika mbili. Miyaa, majani ya kusukia, ikikatwa ni mibichi, ya kijani. Inaanikwa juani mpaka inakauka na kuwa myeupe. Halafu inachanwa, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu kila uchane lazima ulingane na mwenziwe kwa upana. Mama anachana kwa ukucha wa dole gumba, hatazami hata. Ya rangi inachemshwa sufuriani na rangi ya unga, inaanikwa tena. Wakati wa kusuka unairoweka kidogo, la sivyo inakatika mkononi. Ndipo unasuka ukili, utepe mmoja mrefu, unauzungusha kama gurudumu unavyoongezeka. Ukitosha, unaukata vipande na kuvishona ubavu kwa ubavu. Sasa nisikilizeni hapa. Ukili ukilegea mahali pamoja, pale pamekuwa papana kuliko pengine. Ukija kuushona na mwenziwe uliokazwa, mkeka hautulii chini. Unafanya mawimbi. Kwa hiyo palipolegea si pabaya peke yake, panaharibu na palipo pazuri.

MWANAISHA: Hilo silipingi.

SAUMU: Na huu ni msala. Mtu ataweka paji la uso wake pale.

MWANAISHA: Babake angeweka paji la uso juu ya mawimbi ya binti yake na akamshukuru Mungu.

SAUMU: Kaka yangu angeswali hata juu ya gunia, namjua. Mimi nazungumzia kazi.

MWANAISHA: Hebu na mimi niseme habari ya kazi basi. Unajua ule msala umetufundisha hesabu kiasi gani? Mama alisema urefu mikono mitatu, ya kuanzia kiwiko, upana mkono mmoja na nusu. Ukili wake ni vidole vinne. Binti akapima, akaona kwa upana ule vitaingia vipande kumi. Vipande 10, kila kimoja mikono 3, ni mikono 30. Pima moja ni mikono 4. Kwa hiyo pima saba na nusu. Amefanya mwenyewe, kwa penseli.

SAUMU: Mashallah.

MWANAISHA: Kisha akaenda kupima kwa mikono yake mwenyewe, akaona amebakisha kidogo tu. Akaja mama akapima kwa mikono yake, ukili haukufika hata karibu. Mtoto akashtuka, akafikiri kuna aliyeukata.

SAUMU: Ndiyo maana wafundi hupima kwa mkono wa mtu mmoja, wa fundi. Mama alituambia, kwao Siyu, kisiwani Pate, ukinunua ukili unaangalia kwanza anayepima ni mrefu au mfupi. Kitambaa pia zamani kilikuwa hivyo hivyo, mtu anatafuta muuzaji mwenye mikono mirefu.

MWANAISHA: Basi siku ile hatukusoma kitu kingine. Mkubwa akaleta tepu ya babake, wakapima mkono wa kila mtu nyumbani, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Wa mama ulikuwa sentimita 46. Wa binti 37. Sasa wapigie hesabu: mikono 30 ya bibi ni mita 13 na sentimita 80. Mikono 30 ya mtoto ni mita 11 na sentimita 10. Mita mbili na ushee zimepotea hapo, na hakuna aliyeiba.

SAUMU: Na shibiri je? Mlipima shibiri?

MWANAISHA: Tulipima. Shibiri mbili mkono mmoja, kwa mama ilikubali. Kwa yule mdogo kabisa haikukubali.

SAUMU: Kwa sababu mdogo hatanui vidole. Lazima vitanuliwe mpaka vinauma, dole gumba huku, cha mwisho kule. Marehemu baba alikuwa akipima mbao za mlango kwa shibiri, na fundi akija na tepu yake wanakutana. Na nyuzi za kofia je, mnazipima vipi? Maana mama anapima uzi kwa kifua, kutoka kidoleni mpaka kati ya kifua, ndiyo nusu pima.

MWANAISHA: Saumu, ratiba ya Ramadhani.

SAUMU: Tunakuja. Lakini hilo la pima ni kubwa kuliko ratiba. Mimi nimefundisha darasani miaka, nikachora sentimita ubaoni, na sikumbuki mtoto aliyeuliza kwa nini tunahitaji kipimo kimoja sote. Wako ameuliza kwa sababu ukili wake umepungua.

MWANAISHA: Ukili wake. Hilo ndilo neno langu. Ukishaingiza mkono wa mtu mwingine usiku, si wake tena.

SAUMU: Aa, umenirudisha huko.

MWANAISHA: Sijaondoka huko. Wewe umekuwa mwalimu mtaala mpya wa umilisi ulipoingia. Ile miradi ya watoto ilikuwa ikifanywa na nani?

SAUMU: Wazazi. Hilo nalijua kuliko wewe. Sanamu za kutishia ndege zilikuwa zikija shuleni zina suti na tai. Mtoto wa darasa la nne hawezi kushona vile. Unamuuliza umetengenezaje, anatazama chini.

MWANAISHA: Tena ulikuwa ukinipigia simu jioni umekasirika.

SAUMU: Nilikasirika kwa sababu wale wazazi walikuwa wakitafuta alama. Mama yangu anatafuta alama gani? Nani atamsahihisha bibi wa Siyu? Yeye alifundishwa hivyo hivyo. Mamake alikuwa akifumua. Unasuka mchana, unaamka unakuta umerudishwa pale ulipokosea. Unatazama jinsi alivyopanyoosha, mkono wako unajifunza. Maneno hakuna. Ndiyo shule yao, wifi, na ilitoa mikeka ambayo wewe unaitandika wageni wakija.

MWANAISHA: Mama mwenyewe aliniambia kwamba mamake alikuwa akiufumua ukili na kumpa ausuke tena. Anampa! Mtoto anarudi palepale kwa mkono wake. Juzi haikuwa hivyo. Juzi umefumuliwa na ukasukwa, mtoto kalala.

SAUMU: Kwa sababu Ramadhani imefika mlangoni. Angempa asuke tena, ungeisha lini?

MWANAISHA: Usingeisha! Ungekuwa msala wa Ramadhani ijayo. Kuna ubaya gani?

SAUMU: Ubaya upo. Mtoto amemwahidi babake. Ahadi nayo ni somo. Nyinyi mnaosomesha nyumbani mnapenda sana kila kitu kichukue muda wake, lakini sikukuu haisubiri. Mwezi ukiandama umeandama.

MWANAISHA: Na mimi nikiulizwa? Maana tunaulizwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria. Sisi tuliochagua nyumbani kila siku tunaishi tukijua kuna siku mtu atabisha hodi aseme, nionyeshe mtoto huyu anajifunza nini. Nitamtolea msala ule? Niseme wa nani?

SAUMU: Utamtolea ile karatasi ya pima saba na nusu.

MWANAISHA: Karatasi nitatoa. Lakini nataka na ukili wenye pale palipolegea, halafu panapoanza kukaza. Ukiupitisha vidoleni unasikia mtoto anavyokua. Ile sehemu ndiyo iliyoondolewa.

SAUMU: Mimi nikiupitisha vidoleni nasikia bibi aliyekaa macho na kurunzi kwa ajili ya mjukuu wake. Macho yenyewe unajua yalivyo. Na hilo pia mtoto anapaswa kulisikia. Umemwambia?

MWANAISHA: Nimemwambia bibi yako anakupenda.

SAUMU: Umemwambia alikaa usiku?

MWANAISHA: Saumu, mapenzi sina shaka nayo. Nasema kazi ya mtoto haiguswi bila yeye kuwepo. Hata ya kheri.

SAUMU: Na mimi nasema mtoto hasuki peke yake duniani. Ukili huo una miyaa aliyochana bibi, una rangi aliyochemsha mama mtu, utashonwa kwa uzi aliotoa shangazi. Mpaka wa mkono wa nani umeishia wapi, mimi siuoni.

MWANAISHA: Mimi nauona.

SAUMU: Haya.

MWANAISHA: Haya.

SAUMU: Tuendelee au tunywe maji?

MWANAISHA: Tuendelee. Nieleze la mkubwa angalau, maana ni zuri na linahusu ratiba. Yeye mradi wake Shaaban hii ni mwezi. Kila jioni anapanda juu sakafuni, kwenye paa la nyumba, anauchora ulivyo, anaandika saa. Ameandika kwamba mwaka wa mwezi una siku 354, mwingine 355, na wa jua 365, na kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Akarudi nayo nyuma kwa hesabu mpaka mwaka ambao mama alifunga mwezi mzima mara ya kwanza, akamwambia, "Bibi, ulifunga wakati wa kaskazi, jua kali."

SAUMU: Na ni kweli! Mama alitokwa na machozi. Alisema alikuwa akijilaza kwenye sakafu ya chokaa apoe.

MWANAISHA: Kisha akahesabu kwamba baada ya miaka kama 33 Ramadhani inarudi msimu ule ule. Kwa hiyo mama ameshauzunguka mwaka mzima na kuanza tena. Tarehe 29 wote tutakuwa juu tukitafuta mwezi, na yeye ndiye atakayesimama mbele.

SAUMU: Wifi, tazama saa. Watoto wameshatoka chuoni, nasikia viatu ngazini.

MWANAISHA: Na hatujagusa ratiba.

SAUMU: Wala vifaa.

MWANAISHA: Wala kumbukumbu. Basi sikilizeni, hayo matatu hayaingii leo. Nitasema moja tu: mwezi wa kufunga sisi tunasoma asubuhi baada ya alfajiri mpaka saa nne, mchana ni kulala na kazi za mikono, jioni ni jikoni. Mengine inshallah wiki ijayo.

SAUMU: Na mnaosuka, mliofumuliwa na mliofumua, tuleteeni sauti zenu. Semeni upande wenu bila kutuogopa.

MWANAISHA: Lakini semeni na umri wa mtoto.

SAUMU: Na muda uliobaki kabla ya sikukuu!

MWANAISHA: Vunja jungu, ile karamu ya kabla ya kufunga, ni kwenu au kwetu?

SAUMU: Kwenu, sakafu yenu ni pana. Mimi nakuja na samaki wa kupaka na mikate ya sinia miwili. Nyinyi pikeni wali, na mwambie kaka achukue nazi Marikiti asubuhi, mchana zinabaki koroma.

MWANAISHA: Nitamwambia. Fungueni mlango huo, wanabisha. Assalamu aleikum.

SAUMU: Waaleikum salaam.