Kabla ya Wesley, Tazameni Ukuta

Ndugu zangu, nimelisema hili katika makanisa mengi na sichoki: anayekwenda Epworth, kule Lincolnshire, Uingereza, aisome kwanza nyumba ya kasisi kwa kuta zake. Habari za John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti aliyekulia humo, mnazijua, ninyi Wamethodisti wa Ribe na Meru, Kenya.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya mbao na lipu, paa la mabua. Orodha ya mali ya mwaka 1607 inasema ilikuwa na orofa tatu na vyumba vikuu saba. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 paa likashika moto. Waliolelewa chini ya makuti hawahitaji kuelezwa. Makaa yaliangukia kitanda cha binti mmoja yakamuunguza miguu. Baba yao, kasisi Samuel Wesley, alijaribu kupanda ngazi kumfuata John, mtoto wa miaka mitano, lakini ngazi nayo ilikuwa inaungua, haikumhimili. Mtoto akapanda juu ya kasha, akatokeza dirishani. Mmoja akataka kukimbilia ngazi ya kuegemeza. Mwenzake akasema hakuna muda, akajikaza ukutani, wakampandisha mtu mwepesi mabegani pake. Huyo ndiye aliyemtoa mtoto. Papo hapo paa likaporomoka, kwa bahati likaangukia ndani.

Najua mtasema: mwalimu, huo ni muujiza, usiupime kwa futi. Mimi pia naamini Mungu alimwokoa. Lakini dirisha lile lilifikiwa na watu wawili waliopandana! Orofa tatu zisiwadanganye. Nyumba ilikuwa ya chini. Mbona hilo hamhubiriwi? Mafundi walioijenga wana sehemu yao katika habari hii, na tunawanyima.

Samuel akajenga upya mwaka huohuo, kwa gharama yake, pauni zipatazo 400, na madeni yakamwandama. Safari hii hakutaka mabua: matofali ya kuchoma, vigae, madirisha marefu yaliyopangwa kwa mistari, mtindo wa enzi ya Malkia Anne. Hiyo ndiyo iliyosimama hadi leo, sasa makumbusho.

Nilitaka kufika kwenye jiko la Susanna, mama yake John, na kwenye chumba cha juu chenye hadithi ya mzuka wa 1716, ambayo wageni wote huiulizia kwanza. Mwenyekiti ananionyesha saa. Mtakaofika huko, msikimbilie mlango. Zungukeni nje, mpime madirisha kwa macho, mfikirie mabega ya yule mtu.