Mkanda wa injini unalia? Tumtafute mkosaji kabla ya kununua mkanda mwingine

Mwangaluka, ndugu watazamaji. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niko hapa Igoma, Mwanza, na pikapu hii imelala nje usiku kucha. Nimemwomba mwenyewe asiiwashe mpaka nifike, maana mlio tunaoutafuta hutoka injini ikiwa baridi, na ukichelewa unaukosa. Tega sikio, nawasha.

Umesikia? Sekunde kama 15 hivi, kisha kimya. Mlio mkali, mrefu, kama sahani ya bati inayoburutwa kwenye saruji.

Mwenye gari hubeba dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba. Kwa miezi mitano ameshafungiwa mikanda miwili mipya, na mlio umerudi vilevile. Hili linaniuma, kwa sababu hela ya mkanda si ndogo kwa mtu anayetafuta riziki kwa gari, na hakuna aliyemwambia kwa nini mkanda unalia. Leo tutatafuta kwa nini, hatua kwa hatua, na karibu zote unaweza kuzifanya nyumbani.

Sogeza kamera hapa mbele. Huu mkanda mmoja mpana, wenye mifereji upande wa ndani, ndio unaozungusha alteneta inayochaji betri, wota pampu inayosukuma maji ya kupozea injini, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Wengi tunauita mkanda wa feni tu. Unakazwa na huyu hapa, tenshena: mkono wenye springi na puli yake ndogo, yaani gurudumu la kupitishia mkanda. Magari ya zamani zaidi yana mikanda miwili au mitatu ya umbo la V inayokazwa kwa boliti. Hayo nitayafanyia video yake.

Kabla hujainama: gia huru, handibreki juu, mikono ya shati imekunjwa. Vua mtandio, mkufu, kamba ya kitambulisho. Dada zangu, nywele zifungwe nyuma. Feni haikupi nafasi ya kujuta.

Sasa tuupe mkanda mzigo, kimoja kimoja. Injini iko sailensa, inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Nawasha taa kubwa na feni ya ndani: mlio umerudi kidogo, umesikia? Hapo alteneta imeongezewa kazi. Nazima. Nakata stelingi mpaka mwisho, naiachia mara moja, usiishikilie hapo: mlio tena. Nawasha AC: tena. Angekuwa analia kwenye stelingi peke yake, ningeanza na pampu ya stelingi. Huyu analia kila anapobebeshwa kitu, kwa hiyo jicho langu linahama kwenye kile kinachowashika wote, yaani mkazo.

Ndiyo maana pia analia alfajiri. Stata imekula betri, alteneta inazunguka kwa uzito kuirudishia, na huku kwetu ziwani usiku unaacha unyevu kwenye raba. Mkanda uliolegea unateleza hapo, ukipata joto na kukauka unashika. Mchana unampelekea fundi gari, halii, na fundi anakuambia gari halina tatizo.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya maji. Chukua chupa ya nusu lita, toboa kifuniko kwa msumari. Injini ikiwa inaunguruma, simama pembeni, rushia maji kidogo upande wenye mifereji, mbali na alteneta. Angalia: mlio umepanda. Maana yake mkanda unateleza, haujakazwa vya kutosha. Kama mlio ungenyamaza sekunde chache, halafu ukarudi kwa vipande, chwi-chwi-chwi, kama kifaranga, ningesema kuna puli iliyokaa upande. Maji yale yale, majibu mawili tofauti, na huhitaji mashine ya kompyuta.

Tuzime. Ufunguo uko mfukoni mwangu, si kwenye swichi, na nimeachia waya hasi wa betri.

Tuusome mkanda. Unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Huo ni mteleziko umeupika. Mikanda ya zamani ilikuwa ikipasuka-pasuka kwa kuchoka. Mingi ya kisasa imetengenezwa kwa raba ya EPDM na haipasuki hivyo, inalika kama tairi, mifereji inapanuka taratibu, kwa hiyo usiseme "haujapasuka, ni mzima". Ukikuta oili au kulanti, yaani maji ya kupozea injini, juu yake, tafuta kwanza inakotoka. Mkanda mpya juu ya oili utalia wiki hiyohiyo. Mgongoni kuna namba. Ikianza na 6PK, basi mkanda una mbavu 6, yaani matuta yaliyo kati ya mifereji, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Mpelekee muuza spea namba sahihi ya gari lako. Mkanda mrefu kidogo tu unaifanya tenshena ifike mwisho wa safari yake.

Sasa njoo hapa, karibu kabisa. Unaona huu unga mwekundu chini ya mkono wa tenshena? Usidhani ni vumbi la barabara. Ukiupangusa, kidole kinabaki na rangi ya kutu. Chuma kinasagana na chuma humo ndani. Na nilipokuwa nimewasha, huu mkono ulikuwa unacheza juu chini bila kutulia. Tutairudisha ile picha muuone. Tenshena isiyo na ubovu hutikisika kidogo sana.

Naisukuma kwa spana ndefu kulegeza mkanda. Ngoja: kabla hujautoa, piga picha ya njia yake, unapita wapi juu, unapita wapi chini. Magari mengine yana kibandiko cha mchoro chini ya boneti, haya ya kwetu mengi kilishabanduka zamani. Naona spana inakwenda kirahisi mno. Springi imechoka.

Mkanda umetoka, basi tuzungushe kila puli kwa mkono. Alteneta: laini, kimya. Wota pampu: haichezi, na chini yake hakuna alama ya kulanti iliyokauka. Puli ya tenshena: shika kidole hapa nami. Inakwaruza, kama kuna mchanga ndani ya beringi. Nadhani najua sababu, nimemwuliza, na amekubali kwamba injini huoshwa kwa mashine ya presha kila akitoka Mwaloni, kuondoa harufu. Maji ya presha yanaingia kwenye beringi na kufukuza grisi. Osha gari, lakini sehemu hii ya mbele tumia kitambaa.

Halafu tazama ndani ya mifereji ya puli ya alteneta. Hiyo punje ni kokoto ya moramu, imenasa. Naitoa kwa bisibisi nyembamba. Ndogo kuliko punje ya mtama, ila inanyanyua ubavu wa mkanda kila mzunguko.

Ukiwa bado na shaka, rudisha waya wa betri, washa injini bila mkanda. Mlio ukiendelea, hautoki huku. Isizidi dakika moja, maana wota pampu haizunguki, na usilisogeze gari: baadhi ya pikapu za dizeli zina pampu ya vakyumu, inayosaidia breki, nyuma ya alteneta; isipozunguka, breki zitakuwa ngumu kama jiwe.

Ombi moja kwenu. Msipake mkanda sabuni ya kipande, grisi, wala dawa ya kupuliza. Mlio utakata siku mbili, vumbi litagandia, na mkanda utaharibika kabisa. Pia mkanda ukikatikia barabarani unapoteza chaji, stelingi na upozaji wa injini kwa pamoja. Hapo ukiendelea kuendesha, unaua silinda hedi.

Tumefunga tenshena mpya nzima, si puli peke yake, na mkanda wenye namba sahihi. Pitisha kidole kwenye kila puli, hakikisha mbavu zote zimekaa kwenye mifereji yake. Ubavu mmoja ukibaki nje, mkanda utachanika leo hii.

Gari limelala tena nje. Ni kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, nyasi zina umande. Taa, AC, stelingi, vyote pamoja. Nawasha.

Ni dizeli tu inayosikika. Mzee, nenda Mwaloni, dagaa wanakungoja.