Risiti ya Makaburi

Mnanijua. Kila nikipewa kipaza sauti nazungumzia makaburi, na hapo nyuma hakosekani wa kunung'unika kwamba nafanya uchuro. Leo sifanyi uchuro, nazungumzia risiti za michango ya makaburi yetu.

Kifungu cha 170(c)(5) cha sheria ya kodi ya Marekani nimekisoma hapa hadi watoto wamekihifadhi. Ukichangia shirika la makaburi lisilo la faida, mchango unaondolewa kwenye mapato yako yanayotozwa kodi. Sawa. Msichotaka kusikia ni kwamba mchango huo uwe wa makaburi yote.

Kuna mzee wetu mmoja alinijia na dola 2,000. "Andika: kwa ajili ya kaburi la mama." Anataka marumaru na maua. Nikamwambia, mzee wangu, ukiandika hivyo IRS, watoza kodi wa Marekani, hawakupunguzii hata senti. Akaniangalia kama nimemtukana marehemu. "Kwani kaburi la mama si makaburi?" Ni makaburi, mzee, lakini kupamba la kwenu ni sawa na kuezeka nyumba yako. Uzio, njia, kufyeka majani kwa kila aliyelala pale, pamoja na yule uliyegombana naye hadi akafa, huo ndio mchango. Tulibishana hadi birika la pili la chai. Mwisho akazigawa: 500 za maua ya mama, hizo hazina cha kodi, 1,500 za uzio, nikamwandikia risiti, maana kuanzia dola 250 lazima uwe na maandishi ya shirika. Akainuka, akafika mlangoni, akarudi kuuliza kama uzio unaweza kuanzia upande wa mama.

Namwona mmoja ameshainua kidole: "Mimi nimelipia kiwanja changu cha kuzikwa, mbona sipunguziwi?" Umenunua, ndugu yangu. Ukinunua mchele dukani unaita sadaka?

Mengine nayapitia mbio. Nafuu hii ni ya anayeorodhesha michango na matumizi yake kwenye fomu. Ukichukua punguzo la jumla, lile lisilohitaji orodha, ambalo kwa 2025 ni dola 15,750 kwa mtu asiye na ndoa na 31,500 kwa mke na mume wanaojaza pamoja, risiti yangu itunze kwa kumbukumbu tu. Na mchango unaopunguziwa hauvuki asilimia 30 ya mapato yako.

Na ukiyaachia makaburi mali kwa wosia? Kodi ya mirathi ina kifungu chake, 2055, na mashirika haya hayamo. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilishakataa kuupunguzia kodi wosia wa namna hiyo mwaka 1985, katika kesi ya Mellon Bank. Ila kodi hiyo, kwa waliofariki 2025, inaanza mali ikizidi dola 13,990,000. Nimetazama ukumbi mzima, sioni wa kumtisha.

Makaburi ya msikiti na ya kanisa yana hesabu yake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Fomu ziko kwa mhazini, pale kwenye birika.