Printa Ifuate Chumba, Isimfuate Mtu

Ndugu maafisa TEHAMA, habari za mchana. Najua mmetoka kula na mada yenyewe ni printa, kwa hiyo sitawazungusha.

Printa mpya ikifika, wengi wetu tunachukua flashi yenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, na kupita meza hadi meza. Kwa kompyuta kumi, sawa. Kwa mia mbili, ukifika ya mwisho, ya kwanza imeshafomatiwa. Kazi hiyo iachieni seva. Ipeni printa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, isajilini mara moja kwenye seva ya Windows, kisha Group Policy, mfumo wa Windows wa kusambaza sera na mipangilio kwa kompyuta zote za ofisi, iisambaze. Jina litokane na mahali ilipo, si modeli: Masijala-Ghorofa-2. Mwakani ikija mashine ya kampuni nyingine, mtabadilisha kwenye seva, na jina wanaloliona watumiaji litabaki lile lile.

Sasa, mnamgawia nani? Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu wengi, maana wao hugawa kwa akaunti ya mtumiaji. Katibu muhtasi akihamishiwa ghorofa ya nne, printa ya zamani inamfuata: barua yake ya siri inatokea masijala, na kila anayepita anaisoma. Gaweni kwa kompyuta. Na kama mnatumia Preferences, sehemu ya Group Policy ya kuweka mipangilio kama printa, angalieni kitendo mlichochagua. “Replace” huiondoa printa na kuiunda upya kila sera zinapojisasisha, yaani kila baada ya dakika 90 hadi 120. Mtu yuko katikati ya kuprinti, printa inatoweka! “Update” inatosha.

Kinachowasumbua wengi ni draiva. Katikati ya 2021 liligunduliwa tundu la kiusalama katika huduma ya uchapaji ya Windows, lile lililoitwa PrintNightmare. Mshambuliaji aliweza kulitumia kuendesha programu zake kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta. Agosti mwaka huo Microsoft ikabana: mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuweka draiva ya printa kutoka kwenye seva. Ndiyo maana watu wanaombwa nywila ya msimamizi, na simu yako haitulii. Mtandaoni mtaambiwa mbadilishe thamani moja ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), RestrictDriverInstallationToAdministrators, iwe 0. Simu zitakoma kweli, lakini mmefungua mlango ule ule. Tangulizeni draiva kwenye kompyuta, kwa skripti inayoendeshwa zinapowaka, toleo sawasawa na la seva. Mkipata draiva moja ya kampuni inayohudumia modeli zake nyingi, mmepona nusu ya kazi.

Kwa sababu ya hatari hiyo hiyo, seva inayotunza akaunti za domeini, yaani za watumiaji na kompyuta zote za ofisi, isiwe seva ya printa, tafadhali. Huko huduma ya uchapaji izimwe kabisa.

Ofisi yenye kompyuta sita haina haja ya haya yote. Ungeni kila kompyuta na printa moja kwa moja kwa anwani yake, mwendelee na kazi.