Kabureta Iache Kwanza

Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokuja na baiskeli zenu za injini, habari za mchana. Mwendo kasi tutauzungumza siku nyingine. Leo tuzungumzie injini ikigoma.

Injini yenyewe ni ile ndogo ya mapigo mawili kutoka China, inayofungwa katikati ya fremu. Madukani inaitwa cc 80. Ukipima kipenyo cha silinda, milimita 47, na mwendo wa pistoni, milimita 38, unapata cc 66 tu. Basi, biashara ni biashara.

Kilio ninachokisikia zaidi ni hiki: unaachia mafuta, injini haishuki, inaendelea kulia juu. Kwenye mlima inachemka na kuishiwa nguvu. Mwenyewe anachukua bisibisi, anazungusha skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huku na huku, mpaka injini inanoki. Kisha lawama zote kwa kabureta!

Anza na plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Ikiwa na rangi ya chokoleti, mchanganyiko uko sawa. Nyeusi iliyolowa oili, mafuta yamezidi. Nyeupe na kavu, hewa imezidi. Sasa niambieni, hewa hiyo imepita wapi na kabureta hujaigusa? Mara nyingi imepita kwenye kiungo cha bomba la kabureta na silinda. Mtikisiko umelegeza nati, na ile gasketi, karatasi ya kuziba kiungo, imechanika pembeni.

Hapa pana hatari kuliko kwenye pikipiki ya mapigo manne. Injini hii haina oili yake pembeni; oili inaingia na petroli. Petroli ikipungua, na oili imepungua, pistoni inasuguana na silinda karibu kavu. Ndiyo maana wengi huanza injini mpya kwa sehemu 1 ya oili kwa 16 za petroli, na baadaye 1 kwa 25.

Kuupata mvujo ni rahisi. Washa, iache ilie taratibu bila kuongeza mafuta, kisha pakaza maji ya sabuni kwa brashi pale kwenye kiungo. Mlio ukibadilika, umeshapapata. Fungua, weka msasa juu ya kioo, usugue uso wa bomba hadi ulale sawasawa. Gasketi mpya, halafu kaza nati kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Injini ikishapata moto na kupoa, zirudie.

Mzee pale anatikisa kichwa, anataka habari za moto wa plagi. Haya: moto ukipotea, kabla hujanunua koili, ile inayoipa plagi umeme, chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Moto ukirudi, mbaya ni swichi.

Na ile roli ya kukaza cheni, jamani, ikazeni vizuri. Ikigeukia ndani inaingia kwenye spoku, gurudumu linakwama ukiwa kwenye mwendo. Hiyo si ya kusubiri iharibike ndipo uitengeneze. Mwenye baiskeli nyekundu, ilete mbele tuvue plagi.