"Anaweza" au "hufanya": tunavyopimwa tunapoomba huduma za ulemavu

Ndugu zangu, tuanze na barua ya daktari. Imeandikwa hivi: "Mwombaji amepooza upande wa kulia kutokana na kiharusi. Anastahili kusaidiwa." Ina sahihi, ina muhuri, na kila neno lililomo ni la kweli. Hata hivyo, barua za namna hii zinawaangusha waombaji wengi, kwa sababu hazijibu swali ambalo mtathmini amewekwa pale kulijibu. Jina la ugonjwa analo tayari. Anachotafuta ni matokeo yake: mtu huyu akiamka asubuhi, ni kipi hakifanyiki, ni kipi hufanyika kwa mkono wa mtu mwingine, na hali hiyo itadumu muda gani?

Mtazamo huu una msingi wake, na si usumbufu wa maofisa. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha uainishaji wa kimataifa wa utendaji, ulemavu na afya, unaojulikana kwa kifupi kama ICF. Humo ulemavu hausomwi kwenye kiungo peke yake. Husomwa pale mwili unapokutana na mazingira: ngazi, umbali wa choo, sauti ya mwalimu, mtazamo wa watu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, umejengwa juu ya wazo hilohilo. Ndiyo maana watu wawili wenye ugonjwa mmoja huweza kupewa majibu tofauti, na majibu yote mawili yakawa sahihi.

Kabla ya kufika kwenye utendaji yapo malango madogo: utambulisho na ukaazi, umri, na kwa baadhi ya huduma, kipato. Hapa hakuna mjadala, hati unayo au huna. Kosa la kawaida ni jina kuandikwa kwa namna tatu kwenye nyaraka tatu. Lisahihishe kabla hujawasilisha, maana faili linaweza kukwama kwa herufi moja tu.

Lango la muda linataka uangalifu zaidi. Huduma nyingi za ulemavu hutaka hali iwe imedumu, au itarajiwe kudumu, kwa muda mrefu, na kipimo kinachokutwa mara kwa mara ni miezi 12. Barua isiyotaja muda husomwa kana kwamba mgonjwa atapona mwezi ujao. Mwombe daktari aandike hali ilianza lini, ni matibabu gani yamekwisha kujaribiwa, na anatarajia nini mbele. Kwa hali zinazokuja na kuondoka, kama kifafa, selimundu au sonona kali, aandike waziwazi kwamba ugonjwa ni wa muda mrefu hata kama dalili hazionekani kila siku.

Sasa tuingie kwenye kiini. ICF hutenganisha mambo mawili. Kuna uwezo, yaani kile mtu angeweza kufanya akiwekwa katika mazingira ya kupimia. Na kuna utendaji, yaani kile anachofanya hasa katika maisha yake. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa tofauti hiyo imo ndani ya sarufi yetu. "Anaweza kuoga" ni uwezo. "Huoga" ni utendaji. Mtu aliyeoga mwenyewe mara moja mwezi uliopita, kwa dakika 50, kisha akalala siku nzima kwa uchovu, ni kweli kwamba anaweza. Lakini haogi mwenyewe. Akijibu "naweza", fomu itampa alama ya kujitegemea, na hakuna atakayeziona zile dakika 50 wala ule uchovu.

Lugha yetu inatupa na zana ya pili: kula na kulishwa, kuvaa na kuvishwa, kuoga na kuogeshwa, kugeuka na kugeuzwa, kukumbuka na kukumbushwa. Mlezi aliyeizoea kazi yake husema "anakula vizuri", akimaanisha kwamba chakula kinashuka. Mtathmini anasikia kwamba mtu anashika kijiko. Sema "hulishwa". Na kama msaada ni wa sehemu, itaje sehemu yenyewe: hujivalisha shati lakini hufungwa vifungo, hutembea peke yake ndani, ila kwenye ngazi hushikwa mkono.

Kabla ya kujibu "ndiyo" kwa shughuli yoyote, jiulize inafanyika kwa usalama au kwa bahati. Jiulize kama unaweza kuirudia mara zote inazohitajika kwa siku, kama inachukua muda unaofanana na wa watu wengine, na kama inakamilika. Kupika chakula kimoja huku ukiungua mkono si kupika. Jibu la kweli hapo ni "hapana", likifuatwa na maelezo.

Umuhimu wa maneno haya unaonekana kwenye kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na kinachotumika hadi leo hospitalini na kwenye vituo vya utengamao, yaani vya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia. Kina vipengele 10 na jumla ya alama 100, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo uhitaji unavyohesabiwa kuwa mdogo. Kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutembea, hubeba alama 15 kila kimoja. Kula, kuvaa, kutumia choo, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo na kupanda ngazi hubeba 10 kila kimoja. Kuoga, na kujisafisha uso, meno na nywele, hubeba 5 kila kimoja.

Miongozo ya kukijaza inasema huandikwa kile mtu anachofanya, si kile angeweza kufanya. Inasema pia kwamba anayehitaji kusimamiwa, hata asipoguswa, hahesabiwi kuwa anajitegemea. Kanuni hii ya pili familia nyingi hazijaisikia. Dada anayesimama mlangoni kila mara kaka yake anapooga, kwa kuhofia ataanguka, anatoa msaada unaohesabika. Asipoutaja, umepotea. Fimbo au magongo, kwa upande mwingine, hayakuondolei alama: aliyefika kwa magongo bila kushikwa na mtu huhesabiwa amefika mwenyewe. Kwa hiyo usitegemee kisaidizi peke yake kuwa ushahidi wa uhitaji.

Kipimo hiki kina pengo kubwa, nami nalisisitiza kwa sababu linawaumiza watu wasio na wa kuwasemea. Hakigusi kumbukumbu, hofu wala uamuzi. Mzee anayepoteza kumbukumbu anaweza kupata 100 kamili, kisha usiku akawasha jiko na kutoka nje. Mtoto mwenye usonji anaweza kuvaa vizuri na asitambue gari linalokuja. Kwa hali kama hizo, omba kitumike kipimo kipana zaidi, kama WHODAS 2.0 cha Shirika la Afya Duniani. Chenyewe huuliza kuhusu siku 30 zilizopita katika maeneo 6: uelewa na mawasiliano, kwenda huku na huko, kujihudumia, kuelewana na watu, shughuli za nyumbani na kazini au shuleni, na kushiriki katika jamii. Kipo cha maswali 36 na cha maswali 12. Kisipopatikana, jazeni nafasi ya maelezo ya ziada kwa mifano yenye tarehe.

Mahali pengine mtakutana na maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Yalitungwa kwa ajili ya sensa na takwimu, lakini yakitumika kama mchujo wa kwanza, neno moja linaweza kukutoa. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Mpaka unaopendekezwa ni "shida kubwa" au "siwezi kabisa" walau katika eneo moja. Sisi tumelelewa kuitikia "nzuri" kila tunapoulizwa habari, hata tukiwa hoi. Adabu hiyo ibaki kwenye salamu. Swali la tathmini likifika, jibu kama unavyoishi.

Kuhusu vipimo vya hospitali nitasema machache. Cheti cha macho kionyeshe kila jicho kwa namba, kwa miwani na bila miwani, maana kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani upofu ni uoni wa chini ya 3/60 kwenye jicho lililo bora, yaani hata kwa mita 3 halioni kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Cheti cha masikio kitoe wastani wa desibeli katika masafa ya 500, 1000, 2000 na 4000 hezi kwa kila sikio. Kwa kifafa, idadi ya degedege kwa mwezi, na muda anaochukua mtu kurudiwa na fahamu timamu. Kila cheti kiwe na tarehe. Vyeti vya zamani huonyesha hali ilianza lini. Cha karibuni ndicho kinachoonyesha hali ilivyo sasa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote hauhitaji daktari. Ni daftari la siku 14. Kila msaada unaotolewa uandikwe: saa ngapi, wa nini, dakika ngapi, na nini kingetokea bila huo msaada. Chukulieni mtu aliyepooza miguu na mikono. Kuogeshwa dakika 25. Kuvishwa asubuhi 15, jioni 10. Chooni mara 6, dakika 5 kila mara, ni 30. Kulishwa mara 3, nusu saa kila mlo, ni 90. Analazwa saa 4 usiku na hugeuzwa saa 6, saa 8 na saa 10 ili asipate vidonda vya mgandamizo. Dakika 10 kila mara, jumla 30. Yote ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20 kila siku. Tena usingizi wa mlezi umekatwa vipande vinne. Mlezi huyohuyo ukimuuliza ghafla anafanya kazi kiasi gani, atasema "kidogo tu, namsaidia asubuhi".

Siku 14 zinatosha kuonyesha siku nzuri na siku mbaya. Hapo ndipo tathmini nyingi hupotoka: mtathmini anakuja mara moja, anakuta siku nzuri, anaandika alichokiona. Mwambie mwanzoni kabisa, "leo ni siku nzuri, na za namna hii ni 2 kwa wiki," kisha mpe daftari. Awepo mtu anayetoa msaada wa kila siku. Usijitutumue kwa sababu mgeni amekuja. Kama huwa huinuki bila kushikwa, usiinuke bila kushikwa. Wala usiigize. Mtathmini huangalia tangu mlangoni, na kauli moja isiyolingana na alichokiona humfanya azitilie shaka hata zile za kweli.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na nakala ya ripoti ya tathmini. Angalia muda wa rufaa umeanza kuhesabiwa lini, maana mara nyingi ni tangu tarehe iliyo kwenye barua, hata kama imekufikia wiki mbili baadaye. Kisha isome ripoti mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Kila palipoandikwa "anaweza", uliza: nani alisimama karibu, ilichukua muda gani, mara ngapi kwa wiki? Rufaa inayosema "sijatendewa haki" haimpi msomaji cha kupima. Inayosema "kipengele cha kuoga kimeandikwa kujitegemea, daftari la tarehe 3 hadi 16 linaonyesha aliogeshwa siku 12 kati ya 14" inampa. Peleka nakala, baki na za asili, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujaondoka dirishani.